Kuchanganya Povu

"Shikeni beseni vizuri, msinimwagie mwanangu!" alisema Bi Tunu, na chumba kizima kikaangua kicheko, maana huyo mwanawe hakuwamo. Iliyokuwamo ni chupa yake tu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa nikahi. Bishara, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya chumba, kapakwa singo kutoka shingoni hadi visiginoni, manjano na liwa na unga wa karafuu, ananukia mpaka majirani wanapiga chafya. Kwetu kumsinga bibi harusi ni kazi ya shangazi, na shangazi ndiye mimi, Sikudhani, kwa hiyo viganja vyangu vilikuwa vya njano wiki nzima na kiwandani walinicheka mpaka wakachoka. Kulia kwangu alikaa wifi yangu Hadia, mama yake Bishara, mtu ambaye machozi yake hayana breki, la furaha analia, la huzuni analia. Kushoto alikaa Bi Tunu, mama wa bwana harusi, kaja na wanawake wa upande wao.

"Nywele hizi," Bi Tunu akasema, akiinua fundo la nywele za Bishara na kuliachia likaporomoka mpaka mkekani. "Mbaruku akiziona kesho atazimia. Wekeni mtu wa kumpepea."

"Hajaona hata ncha ya sikio," Bishara akasema, kainamisha kichwa, lakini kicheko kinamtoka puani.

"Na asione! Avumilie mpaka shehe amalize!"

Shughuli tuliyokuwa tunaifanya bibi zetu hawakuijua. Wao walikuwa na maji. Sisi, tangu bahari ipande na visima vigeuke chumvi, tunaoga kwa kikombe kimoja cha maji na povu la mkonge, na povu lenyewe halimwagwi ovyo. Unalirudisha hamamuni, linachujwa, kesho unaletewa lilelile kwenye chupa yako. Humo ndani ya chupa linaonekana kama maji matupu. Ukilipiga likapanda ndipo linapotoa rangi, na kila mtu ana rangi yake, ndiyo maana mashine za hamamu hazikosei kukurudishia la kwako. Watoto hufuata rangi ya mama yao. Hilo hata wa chekechea analijua. Lakini rangi ya mtu ni siri ya nyumbani kwake, huendi kumuuliza mwenzio njiani kama unavyomuuliza bei ya samaki.

Basi siku moja kabla ya harusi, chupa ya bwana na chupa ya bibi humiminwa kwenye beseni moja. Rangi mbili zinakimbizana humo, hazishikani upesi, na ile inayopanda juu ndiyo itakayotawala nyumba. Hapo ndipo pana raha, jamani. Watu wanabishana, wanarushiana vijembe, mwenye sauti ya taarabu anaimba.

Nikamimina ya Bishara, nikamimina ya Mbaruku, nikachukua upawa nikapiga. Povu likapanda, zito, laini, limejaa beseni. Wanawake wakainama kutazama. Mmoja aliyekwisha kufumbua midomo tayari kwa kigelegele akabaki hivyohivyo.

Rangi ilikuwa moja. Hudhurungi ya maji ya ukwaju, kutoka ukingo hadi ukingo, bila mstari.

"Piga tena," akasema Bi Tunu.

Nikapiga tena. Ukwaju.

"Umemimina chupa moja mara mbili, wifi," Hadia akasema, sauti yake imeshaanza kupanda. Nikamwonyesha chupa zote mbili, tupu. Hapo akaelewa kabla yetu sote, akashika kifua. "Si wangu," akasema. "Ya Rabi, si wangu! Nilipewa mtoto wa watu!"

Bishara akanyanyua kichwa. "Mama?"

Kwa asiyejua lililotupata: Bishara alipokuwa mchanga, maji yaliingia mji wa chini kwa ghafla, na waliopona ni waliokimbilia paa la korona. Korona ndiyo mashine ya kukamulia mkonge, msije mkadhani ni ule ugonjwa wa mababu. Paa la jengo lake ni kubwa na ni la zege, na watu walikaa juu yake siku nyingi, wanawake na watoto katikati, hawana hata kibatari. Hadia alishikwa na homa huko, akawa hajitambui, maziwa yakakauka yasirudi tena. Alipopata fahamu akapewa mtoto mikononi, akaambiwa huyu ndiye wako. Na Bi Tunu, ambaye mwanawe wa kumzaa alichukuliwa na maji, aliokota mtoto kwenye mikono ya mama aliyekufa, mama ambaye hakuna aliyemjua. Akamnyonyesha, akamlea, akamwita Mbaruku. Mji mzima unaijua hadithi hiyo.

Kwa hiyo hesabu ya Hadia ilikuwa nyepesi. Rangi yake na ya Bishara hazikufanana tangu zamani, na miaka yote tulisingizia ile homa. Rangi ni moja, basi mama ni mmoja. Yule mama aliyekufa alikuwa na watoto wawili, mmoja akachukuliwa na Bi Tunu, mwingine akabandikwa kwake. Na wa kwake mwenyewe yuko wapi?

Nimemjua wifi yangu miaka mingi na nimemcheka kwa machozi yake miaka hiyohiyo. Siku ile sikuthubutu. Alikuwa anamtazama Bishara kama mtu anayetafuta kitu usoni mwa mgeni, na Bishara anaona kwamba anatazamwa hivyo. Nilitamani nilipige teke lile beseni.

"Hakuna kulia hapa," nikasema. "Zahanati ipo. Twendeni tukatoe damu."

Kipimo cha damu siku hizi kinachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Tulikwenda hivyohivyo, bibi harusi kafunikwa baibui juu ya singo, anaacha alama za njano kila anaposhika. Mbaruku akaitwa naye, akaja kutoka koronani na nguo za kazi, akatoa kidole, akasimama mlangoni macho chini. Muuguzi akasoma majibu kwa sauti. Bishara ni mtoto wa Hadia na wa kaka yangu, damu na nyama, hakuna shaka. Mbaruku si ndugu wa yeyote katika sisi.

Vigelegele vilivyopigwa pale zahanati vilimwamsha mgonjwa wa chumba cha pili. Hadia akamkumbatia mwanawe mpaka wote wawili wakawa wa njano. Na Bi Tunu akanipiga kofi la begani, anacheka, anafuta macho.

"Umetutia kiwewe bure, Siku mwanangu. Povu lako bovu."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Povu langu? Bovu?

*

Mngenijua msingeniuliza kwa nini sikwenda nyumbani kula pilau. Hadia alinishika mkono, "Wifi, yaache, mwanetu anaolewa." Nikasema naam, nikapinda kona, nikaenda kiwandani.

Povu lile nimelitengeneza mimi. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno. Jani la mkonge lina sabuni yake ya kuzaliwa nayo, ukilikamua, maji yake yanatoa povu hata ndani ya maji ya chumvi, ila yanawasha kama upupu. Na sabuni yoyote duniani kazi yake ni moja. Kila chembe ina kichwa na mkia. Mkia unapenda mafuta, kichwa kinapenda maji. Mkia unang'ang'ania uchafu wa mafuta kwenye ngozi, maji yanavuta kichwa, na uchafu unafuata. Mimi niliuondoa mwasho, halafu nikaipa chembe kiungo cha tatu, mkono. Mkono huo hushika bakteria wa ngozi, wale wasiodhuru tunaoishi nao, kwa sababu kila mtu ana mchanganyiko wake, na kulingana na walioshikwa, povu hubadilika rangi. Nia yangu ilikuwa watu waoge salama kwa maji kidogo. Mambo ya ukoo sikuyafikiria hata kidogo.

Semhando, fundi wangu wa mapipa, alinikuta nimeinamia bilauri.

"Dada Siku, si una harusi wewe?"

"Semhando, kwa nini mtoto anafuata rangi ya mama?"

"Si damu?"

"Damu ya baba je? Mimi na Bishara damu yetu moja, rangi zetu haziangaliani hata. Na Mbaruku? Damu yake ni mbali na ya Bi Tunu kabisa, leo nimeyasikia majibu kwa masikio yangu. Lakini kila siku Bi Tunu anajigamba kwamba hata povu linajua Mbaruku ni wake, nasi tukidhani ni utani wa mama. Rangi yao ni moja. Ukwaju."

Semhando akajikuna kidevu. "Basi alimpa kitu kingine."

Nikamtazama. Akanitazama.

"Maziwa," nikasema.

Sasa sikieni, maana hii ndiyo sehemu niliyoipenda, na sitawaficha. Mtoto anazaliwa na ngozi tupu, haijakaliwa. Wanaokuja na maziwa ndio wageni wa kwanza, na wageni wa kwanza hawahami, wanazeeka nasi. Nilikimbia kwenye kituo cha watoto cha kiwanda, penye mama wanaonyonyesha wakati wa mapumziko, nikaomba povu la huyu na la yule. Wakanidhania nimerukwa na akili na huku viganja vya njano. Mmoja alikuwa akimnyonyesha mmoja wa mapacha wa dada yake tangu azaliwe. Rangi moja. Mwingine, Mwanaharusi wa ghalani, aliwahi kumnyonyesha mtoto wa mwenzake mara moja tu, siku mama mtu alipochelewa. Katika povu la mtoto yule ile rangi ilikuwa imejificha chini ya rangi ya mama yake, hafifu, lakini ipo.

Halafu nikafanya kosa la kuwa hodari. Povu letu halijali chumvi, lakini ndimu inaliua. Nikadondosha ndimu, tone baada ya tone, kwenye bilauri ndefu ya povu la yule mtoto wa mara moja. Rangi ya Mwanaharusi ikashuka ngazi moja, ikaisha. Povu la yule pacha likashuka, likasimama, likashuka, likasimama, ngazi nyingi hata nikaacha kuzifuata. Kila shibe ilikuwa imeacha ngazi yake. Ngazi hizo nilikuwa nikiziona miaka yote nikazidhani ni kasoro ya mapipa.

"Semhando!" nikapiga kelele. "Linahesabu! Povu linahesabu!"

Semhando alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, uso umemshuka.

"Nini?"

"Dada Siku," akasema polepole. "Mimi ni wa paani."

Furaha yangu ikakatika palepale.

"Na mke wangu Mwanahija ni wa paani," akasema. "Bibi yangu alikuwa akisimulia. Kule juu hakukuwa na mtoto wa fulani. Aliyelia alipitishwa mkono kwa mkono gizani mpaka kwa mwenye maziwa, akishiba anarudishwa. Wanawake wenye maziwa walikuwa wachache, watoto wengi. Mimi na Mwanahija tuna watoto watatu. Rangi zetu zinafanana kidogo, tukisema ni mapenzi, tumezoeana. Ukiliuliza hilo povu lako, litasema nini?"

Nilisoma chuo cha Kurani kama wenzangu wote, sikuhitaji kukumbushwa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Kwa madhehebu yetu ni mara tano, kila mara mpaka mtoto ashibe na kuachia mwenyewe. Ikiwa haijulikani, kama kuna shaka ya mara ngapi, ndoa yao ni halali, wala hakuna dhambi juu yao. Lakini ikishajulikana, imejulikana.

Elewani uzito wake. Semhando na mkewe walikuwa halali asubuhi ile, na walikuwa halali wakati ule amekaa juu ya ndoo. Kilichoweza kuwaharamisha kilikuwa kichwani mwangu na kwenye bilauri ya ndimu. Na mji wetu umejaa watu wa paani, rika zima, wameoana wao kwa wao kwa sababu walikua pamoja. Kuna nyumba ngapi? Nani kanipa mimi ruhusa ya kuzigongea mlango?

"Semhando," nikasema, "ukiukata ule mkono kwenye mapipa yote, itachukua muda gani?"

Akanyanyua macho. "Hadi kesho alfajiri. Lakini povu litakuwa jeupe la watu wote, Dada. Hamamu haitajua la nani ni lipi. Watu watatutukana. Kazi yako yote..."

"Watanitukana mimi, si wewe. Kata."

Akasimama, akasita. "Na Bishara?"

Nikageuka, nikaanza kuosha bilauri.

*

Asubuhi nilifika nyumbani nimeamua kunyamaza. Niliamua kabisa. Nikahi baada ya adhuhuri, chupa za zamani zitakwisha, povu jeupe litaanza, na mimi nitaichukua siri yangu mpaka kaburini na kucheza harusi kama shangazi wa watu. Nilipanga hata uso wa kuingia nao.

Bishara alinitazama mara moja tu.

"Umegundua," akasema.

"Nimegundua nini? Hebu geuka nikupake mgongo."

"Shangazi, wewe ukiwa hujui kitu unasumbua watu kwa maswali. Umeingia kimya. Umegundua kwa nini rangi ni moja."

Nani alimfundisha mtoto huyu kudadisi? Mimi. Alipokuwa mdogo nilimpa bilauri na ndimu acheze. Nikamtazama mama yake, aliyekuwa kwenye kiti akikunja kanga za mahari, na Bi Tunu, aliyekuja mapema na birika lake la chai kwa sababu hapendi chai ya Hadia. Nikajaribu kusema uongo, ulimi ukagoma. Nikawaeleza. Si yote. Nilisema maziwa. Nilisema paani.

Hadia akaacha kukunja. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulia.

"Bi Tunu," akasema, "ulimnyonyesha mwanangu?"

"Nilinyonyesha," Bi Tunu akasema. Aliweka kikombe chini. "Nilimpoteza wangu asubuhi ya kwanza, na kifua kimejaa, kinauma. Wa kwanza nikampa yule niliyemwokota, Mbaruku wangu. Halafu wakaanza kuniletea. Giza. Unashikishwa mtoto, unampa, anashiba, anachukuliwa, unaletewa mwingine. Sikuwa nawaona nyuso."

"Huyu alikuja mara ngapi?"

"Sijui, Hadia."

"Kumbuka! Mara moja? Mbili?"

"Sikuhesabu, mwanangu. Ningekaa kuhesabu, wangekufa wangapi?"

Hadia akashika mkono wa Bi Tunu, akaubusu, kisha akanigeukia mimi kwa ukali. "Basi yamekwisha. Haijulikani. Shehe mwenyewe atakwambia, shaka haimharamishi mtu. Wifi, funga mdomo. Leo kuna harusi."

"Haijulikani kweli, shangazi?" Bishara akauliza.

Nikainamisha macho kwenye bakuli la singo.

"Unaweza kuhesabu," akasema. Halikuwa swali.

"Naweza. Lakini si lazima. Nisikilize, mwanangu. Mapipa yamekatwa mkono alfajiri hii. Povu jipya halitasema kitu tena, kwa mtu yeyote. Lililobaki ni hilo la jana, lenu. Likituama, limetuama, na mimi sitalitengeneza jingine ila kwa mtu atakayekuja mwenyewe kuniuliza. Unaweza kuolewa saa saba mchana, na utakuwa mke halali mbele ya Mungu na watu. Nakuapia."

"Na nisipojua leo, nitaacha kujiuliza lini?"

"Watu wanaishi na mambo wasiyoyajua."

"Wewe huwezi," akasema. "Jana ulishindwa hata kula pilau. Mimi nimekulia mikononi mwako, shangazi. Siwezi kulala kitanda kimoja na swali hili. Nitamtazama usingizini nikijiuliza. Nikipata mtoto nitamtazama mtoto nikijiuliza."

"Na Mbaruku je? Yeye hana neno?" Hadia akapiga kelele.

"Nimempigia simu jana, tulipotoka zahanati. Nilimwambia shangazi ameenda kiwandani, na akirudi na jibu nitataka kulisikia. Akasema yeye angeweza kuishi bila kulijua. Lakini hawezi kuishi na mimi nikiwa nalitafuta usoni mwake. Kasema nichague, atakuja kuchukua jibu." Akamgeukia Hadia. "Nampenda, mama. Ningekuwa simpendi ningefumba macho."

Nilitaka kukataa. Nilifikiri niseme beseni limeoshwa. Lakini beseni na chupa vilikuwa pale pembeni, povu limeshuka nusu, na yule mtoto alikuwa na haki ya kuuliza habari za mwili wake mwenyewe. Nililokuwa nikimwogopea Semhando ni mtu asiyeuliza kulazimishwa jibu. Huyu alikuwa anauliza.

Nikakamua ndimu.

Niliisuuza ile chupa tupu ya Bishara, na tone lililokuwa limeshikilia chini likapanda kwenye bilauri bila taabu. Bi Tunu akaoshwa mikono kwa povu lake mwenyewe ili nipate kulinganisha. Ukwaju na ukwaju. Bi Tunu alikaa ukutani, midomo inasoma dua. Hadia alimshika Bishara kiunoni kwa nyuma kama anayemzuia asianguke kisimani.

Tone la kwanza. Povu likashuka ngazi, likasimama.

"Moja," Hadia akasema. "Moja si kitu."

La pili likashuka, likasimama. La tatu. La nne lilishuka kidogo sana, likasita, na mimi, mwanamke wa kupenda kujua kila kitu, nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote lisishuke tena.

Likashuka la tano. Nikadondosha tena. Likashuka la sita, na la saba, na rangi ilikuwa bado ipo.

"Inatosha," akasema Bishara. "Basi, shangazi. Inatosha."

Bi Tunu alikuwa analia sasa, mzee wa watu, kimya, kanga imemwanguka begani. "Nisamehe," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Bishara akatambaa mkekani mpaka kwake, singo na yote, akaweka kichwa mapajani mwake. "Nikusamehe nini? Mama yangu alikuwa na homa. Ungeninyima ningekuwa wapi?" Na Bi Tunu akaziweka nywele zile sawa, uzi kwa uzi, kama alivyofanya jana akitania.

Mimi nilikaa na ile bilauri mkononi. Mnataka kujua kama nilijuta? Nilijuta. Na nikijiuliza leo kama ningefanya vingine, najua nisingefanya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Hodi," sauti ikaita nje.

Ilikuwa sauti ya Mbaruku. Wanawake tukaruka sote kutafuta vitu vya kujifunika, kwa mazoea tu. Hadia akavuta kanga ya juu ya rundo la mahari, akamtupia mwanawe kichwani. Bishara akaketi. Akaishika ile kanga, akaivua taratibu, akaikunja pindo kwa pindo, akaiweka mapajani.

"Karibu," akasema.

Mbaruku aliingia kama anavyoingia siku zote, macho chini, ananukia mkonge mbichi. Akanyanyua uso atafute jibu kwangu. Hakufika kwangu. Macho yake yalisimama kwa Bishara, juu ya nywele zilizofunguka mabegani na mgongoni mpaka mkekani. Kisha akamtazama Bi Tunu, akaitazama bilauri, na mabega yakamshuka.

"Kumbe ndefu hivi," akasema.

"Ndefu," Bishara akajibu. Akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi kando yake, karibu. "Kaa. Mama yetu hajamaliza chai yake."